Nyongo ya Mwanamke wa Mukuyuni

Wayua hakutoa simu mara moja. Alifuta kioo chake kwa pindo la leso, akakitazama, akakifuta tena, kisha akaiweka mezani kati ya kikombe cha Inspekta Mbithe na sahani ya viazi vitamu.

"Utasoma zote?" akauliza.

"Nitasoma zile utanionyesha, Mama Mbula."

"Basi soma zote. Hakuna kitu ya aibu hapo."

Kwenye kiti cha karibu na mlango, shemeji yake, Mulei, alikohoa kama mtu aliye na la kusema. Ni yeye aliyekwenda kituo cha polisi mjini Wote kuripoti kwamba mdogo wake, Nthiwa, mume wa Wayua, amepotea. Afisa wa zamu alishindwa aandike nini, maana katika maelezo yale yale Mulei alisema kwamba Nthiwa huandikia mke wake karibu kila siku. Faili ilizunguka meza baada ya meza mpaka ikatua kwa Mbithe, ambaye hupewa zile kesi ambazo hakuna anayejua pa kuzishikia.

Nthiwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikwenda Uchina kusomea kazi ya reli, kozi ikaisha, akasema amepata kibarua, anabaki kidogo. Kidogo hicho kikawa miaka. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Halafu simu zikakatika, ukabaki ujumbe wa kuandikwa tu, kupitia programu ya Kichina aliyomwekea mke wake kabla ya kuondoka. Sasa baba yao, mzee Mbaluka, alikuwa mochari. Mazishi yalikuwa yameahirishwa mara mbili yakimngoja Nthiwa, na Nthiwa hakuwa amesema anakuja wala haji.

"Afande, mimi nitasema wazi," Mulei alisema. "Mtu hawezi kosa kutoa sauti hata baba yake akikufa. Huyo anaandika si ndugu yangu. Na kama si ndugu yangu, ni mtu ako karibu."

Alimtupia Wayua jicho, akaliondoa.

"Taja jina basi," Wayua akasema. "Sema ni mimi najiandikia."

"Sijasema hivyo."

"Umesema na macho."

Mbithe alimwomba Mulei atoke akaandikishe maelezo kwa Koplo Njogu, aliyekuwa nje kwenye gari. Mulei alipotoka, Mbithe aliichukua simu. Hilo la Mulei hakulipuuza. Mwanamke ambaye mumewe yu hai hukaa kwenye shamba la mumewe bila kuulizwa, na mjane huitiwa vikao. Alimsukumia Wayua sahani.

"Wewe menya viazi. Mimi nasoma."

Alikuwa amesoma kidogo tu simu ilipotetemeka mkononi mwake. *Umekula, mke wangu?* Aliinua macho. Mikono yote miwili ya Wayua ilikuwa kwenye kiazi, kisu katika mmoja. Kisha kisu kikawekwa chini, na mkono ukaja juu ya meza ukiifuata simu, ukasimama katikati ya njia.

"Ni yeye?"

"Ni ujumbe," Mbithe alisema. "Mjibu vile unamjibu siku zote."

Wayua aliandika kwa kidole gumba, haraka, bila kutafuta herufi. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelegea kidogo, kama wa mtu aliyevua viatu. Mbithe akaichukua simu tena. Mulei alikuwa amekosea, angalau kwa upande wa mkono ulioandika.

Ujumbe wa zamani ulikuwa wa Kikamba, mfupi, wenye makosa ya herufi. Mbula ameanza shule? Yule mbuzi mweupe amezaa? Tuma picha ya paa. Kisha, mahali fulani katikati, Kikamba kikaisha. Kilichofuata kilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili kirefu, chenye mafuta.

"Hapa aliacha Kikamba."

"Aliniambia alibadilisha simu, hiyo mpya inakataa Kikamba."

"Simu inakataaje Kikamba, na herufi ni zile zile?"

Wayua aliokota kisu akarudia kiazi chake.

"Na hii hapa. 'Nimesikia ulimfukuza mwizi wa mbuzi peke yako. Kweli una nyongo kubwa kuliko wanaume.' Uliielewa vipi?"

"Nilikasirika! Nikamwuliza, sasa mimi ndio mtu wa uchungu? Akaniambia hapana, ni sifa hiyo. Nikafikiria ni kukaa nje kumembadilisha."

"Zamani alikuwa anakusifu?"

Wayua alicheka kwa mara ya kwanza. "Nthiwa? Nthiwa akipenda chakula anamaliza. Sifa yake ni hiyo."

Mbithe aliendelea kushuka. Alipofika kwenye ujumbe mmoja alisoma kwa sauti, polepole. "'Nikifumba macho naona mikono yako ikipepeta ndengu. Makapi yanatoka kama moshi, nawe umegeuza uso upande wa kulia.'"

Midomo ya Wayua ilikuwa ikitembea pamoja na yake. Aliujua kwa moyo.

"Mama Mbula, Nthiwa akiwa hapa, ulikuwa unapepeta?"

"Hapana. Vumbi ilikuwa inanishika kifua. Mama yake ndiye alikuwa anapepeta. Mimi nilishika ungo baada ya mama kufa."

"Nthiwa ameshaenda."

"Ameshaenda."

"Ulimtumia picha?"

"Picha ya nini? Nani anapigwa picha na makapi kwa kichwa?"

"Na uso? Unageuza upande gani?"

Wayua alifikiri, akashindwa kukumbuka. Basi akainua mikono mitupu, viganja juu, akarusha ndengu ambazo hazikuwapo. Uso wake ukageuka kulia. Akabaki hivyo, mikono hewani, akiutazama ukuta. Polepole akaishusha mapajani.

"Kuna mtu alikuja akaniangalia," alisema.

"Ni nani kati ya watu wa huko Uchina anapajua hapa?"

Wayua alitafuta kwenye simu picha ya zamani. Wanaume wawili walikuwa wamekaa sakafuni katika chumba kidogo, sufuria katikati, chapati mikononi. Nthiwa alikuwa na mashavu makubwa na kofia ya kazi. Mwingine alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mdomo wazi kama aliyepigwa picha akisimulia.

"Huyo ni Muindi, mtu wa Kitui. Alikuwa anasomea udaktari wa vitabu, hadithi za kale za Wachina. Nthiwa alikuwa anamcheka sana, ati anasoma akiwa amesimama, anarusha mikono kama mtoto. Alirudi, anafundisha chuo huko kwao. Nilifikiria atapitia hapa atusalimie." Akaizima simu. "Hakuwahi kuja."

*

Mbithe na Njogu walipita Machakos wakashika barabara ya Kitui. Njogu, aliyekulia upande wa Nyeri, alikuwa na tabia ya kuiuliza barabara maswali, na Mbithe akaijibia.

"Kwa nini mtu aache lugha ya mama yake akiandikia bibi yake?"

"Anaogopa isimtaje," Mbithe alisema. "Kikamba cha Kitui na cha Makueni ni ndugu, lakini si pacha. Ukizungumza nami sentensi mbili najua umetoka upande gani wa mto. Kiswahili hakina kwao. Kila mtu huku anakiazima."

"Kwa hivyo ni huyu daktari."

"Kwa hivyo ni mtu anayejificha. Daktari ni mtu aliyepigwa picha akila chapati."

"Na Nthiwa ako wapi?"

Mbithe alishusha kioo cha dirisha kidogo. Alitoa simu yake mwenyewe. Ule ujumbe wa ndengu alikuwa amejitumia kutoka kwa simu ya Wayua. Sasa aliuandika upya, neno kwa neno, ila mahali pachache. Palipokuwa na *ikipepeta ndengu* akaandika *ikipukuchua mahindi*, na yale makapi na ule upande wa kulia akaviondoa kabisa.

"Hiyo ni ya nini?" Njogu akauliza.

"Pengine si ya kitu. Angalia barabara."

*

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo vumbi jekundu huingia darasani kabla ya wanafunzi. Mbithe alimkuta Dakta Muindi akifundisha, akasimama dirishani. Darasa zima lilikuwa limesimama pia. Vijana wapatao ishirini walikuwa wameegemea hewa kama watu walioegemea lango.

"Msikae," Muindi alikuwa akisema. "Mtu wetu amekuwa vitani miaka mingi. Amefika kwake. Lango limefungwa, na ndani anasikia mke wake akifuma nguo. Hadithi inasema nini? 'Alisikiliza mti wa kufumia ukigonga, mpaka jua likamhama usoni likamfika kisogoni.' Basi. Halafu sentensi inayofuata ni kuhusu bei ya hariri. Sandra, huyu mtu ana huzuni ama furaha?"

"Haijasema, sir."

"Haisemi. Mwandishi wa kale wa Kichina haingii kwa kichwa cha mtu. Anajua kile jirani angejua. Lakini wewe umesimama hapo. Jua liko kwa kisogo chako. Miguu inasema nini?"

"Inauma."

"Kwa nini hujaingia?"

Msichana alihamishia uzito mguu mwingine, bado ameegemea. "Mtu akikaa nje hivyo kwa muda mrefu," alisema mwishowe, "kuingia kunakuwa kugumu zaidi."

"Umesoma," Muindi alisema kwa sauti ya chini. "Hukusoma na macho. Ukisoma neno 'shika', mkono wako unajitayarisha kushika kabla hujajua. Mwili ndio msomaji wa kwanza. Kaeni."

Ofisini alimpa Mbithe kiti akakifuta kwanza. Kila kitu kilikuwa na vumbi: vitabu, dirisha, mafaili, hata majani ya ua la plastiki. Juu ya rafu, kati ya kamusi mbili nene, palikuwa na chungu cheupe cha kauri chenye kifuniko. Hicho hakikuwa na vumbi.

"Karibu, Inspekta. Nikusaidie na nini?"

"Nimekuja kama mwanafunzi. Nina maneno sielewi, na nimeambiwa wewe ndiye fundi wake. Mtu akimwambia mwanamke ana nyongo kubwa, amemtukana ama amemsifu?"

Muindi alitabasamu. Mwalimu yeyote akiulizwa swali zuri hushindwa kujizuia. "Inategemea mwili anaotumia kuongea. Sisi hapa nyongo ni uchungu. Jambo likiharibika tunasema limetumbukia nyongo. Lakini katika hadithi za kale za Uchina, ushujaa unakaa kwa nyongo. Mwanamke wa nyongo kubwa ni yule anafukuza majambazi na ufagio."

"Na mtu akisema utumbo wake umekatika vipande?"

"Ametamani mtu. Sisi tungesema moyo. Wao shauku iko chini zaidi, hapa." Alishika tumbo.

"Na 'nivumilie mpaka mwezi wa chini'?"

"Mwezi ujao. Maandishi yao ya zamani yalishuka kutoka juu ya ukurasa. Kilichopita kiko juu, kinachokuja kiko chini." Tabasamu lilikuwa limeanza kukauka. "Haya yametoka wapi?"

"Kwa Nthiwa. Anamwandikia mke wake."

Muindi alichukua kalamu, akailaza sambamba na ukingo wa meza. "Nthiwa," alisema. "Tulikuwa marafiki. Basi alishika maneno. Jioni alikuwa anapika, mimi namsimulia. Maneno yanaingia."

"Alikuwa anajua kusoma maandishi hayo?"

"Ya kale? Hapana. Alijua Kichina cha kazi. Spana, nyaya, kesho tuanze saa ngapi."

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Nikirudi nyumbani."

"Alikuwa mzima?"

"Alinipikia." Kalamu ilikuwa imeshanyooka, lakini aliinyoosha tena.

"Familia yake hujawahi kuitembelea."

"Kazi, Inspekta. Unajua vile mihula inafuatana."

Mbithe aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akatoa simu, akaiweka mezani mbele ya Muindi, ikimtazama yeye. "Nisomee huu mmoja tu. Mimi nikisoma unakuwa kama ripoti. Nataka kuusikia vile unafaa kusomwa."

Muindi aliinama. Mikono yake ilikuwa magotini.

"'Nikifumba macho naona mikono yako,'" akasoma, na sauti yake ikapungua, "'ikipukuchua mahindi. Nawe umegeuza uso...'"

Mdomo wake ulisoma kilichoandikwa. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kupanda kutoka magotini, viganja juu, ikiwa mbalimbali kwa upana wa ungo. Ikarusha kidogo, ikapokea. Ikarusha tena. Na alipofika kwenye neno uso, uso wake uligeuka kulia.

Mbithe alingoja mpaka akanyamaza.

"Umesoma kitu gani, mwalimu?"

"Mahindi. Kupukuchua mahindi."

"Kupukuchua ni hivi." Mbithe aliviweka vidole gumba viwili pamoja akavisugua juu ya gunzi lisilokuwapo. "Hiyo yako ni kupepeta. Hilo neno nililitoa mwenyewe tukiwa njiani. Ndengu pia nilizitoa. Na hapa hapajaandikwa kulia."

Muindi aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa imeshika kitu. Nje kengele ya kubadilisha vipindi ililia na wanafunzi wakapita dirishani wakicheka. Walipokwisha kupita, alikuwa bado hajaishusha.

"Nthiwa ako wapi?" Mbithe akauliza.

Muindi alisimama. Njogu, mlangoni, alisogea hatua moja, lakini mwalimu alienda kwenye rafu tu. Alishika kile chungu cheupe kwa mikono miwili, akakileta, akakiweka mezani juu ya karatasi safi.

"Huko mtu akifa wanamchoma," alisema.

Mbithe alisimama. Hakukusudia. Njogu akavua kofia.

Muindi alieleza akiwa amesimama vivyo hivyo. Viza ya Nthiwa ilikuwa imeisha, akawa anafanya vibarua kwa karatasi za mtu wa nchi nyingine aliyekwisha kurudi kwao. Jioni moja alikuwa akivuka barabara, pikipiki ya umeme ikamgonga. Zile hazina mlio. Alifia hospitali kwa jina la yule mtu mwingine, na jina hilo halikuwa na ndugu mji ule wa kumdai. Muindi akajitokeza akasema yeye ni binamu.

"Sikudanganya sana," alisema. "Nikamchukua. Nikamaliza mtihani wangu wa mwisho yeye akiwa chini ya kitanda. Nikarudi naye."

"Na hukumpeleka kwao."

"Nilimpeleka." Aligusa kifuniko cha chungu. "Nilifika mpaka langoni Mukuyuni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Wote. Yeye alikuwa uani anapepeta. Nikasema, wacha amalize hiyo ungo. Akamaliza, akajaza nyingine. Nikasema basi hiyo. Jua likanihama hapa likanifika hapa." Aligusa shavu, akagusa kisogo. "Nikapanda boda boda nikarudi. Simu ya Nthiwa ilikuwa kwa begi. Usiku huo ikaingia meseji ya mke wake, ya kwanza kwa muda mrefu. Alimwuliza, umekula?"

"Ukajibu."

"Neno moja. Nimekula. Nikasema kesho nitamweleza. Kesho yake akaniuliza nimelala vipi. Inspekta, mimi naishi peke yangu. Nimesoma hadithi mia tatu za watu wanaongojwa. Hakukuwa na mtu amewahi kuniuliza kama nimekula."

"Hakuuliza wewe."

"Najua."

"Alikuuliza kama mume wake amekula."

"Najua," Muindi akasema. "Kikamba niliacha kwa sababu angenijua kwa neno la pili. Mengine sikujua nayaandika. Nyongo, mwezi wa chini. Ndiyo lugha niliyokuwa nimebaki nayo ya kutamania."

Mbithe aliandika maelezo yake hapo hapo, ukurasa baada ya ukurasa, akamsainisha. Kuficha kifo ni kosa. Kujifanya mtu mwingine ni kosa. Simu ya Nthiwa ilitoka kwenye droo, ikiwa imechajiwa, ikatiwa kwenye mfuko wa ushahidi.

"Tumpeleke kituoni moja kwa moja, madam?" Njogu aliuliza wakiwa nje.

"Kituo hakihami. Kesho asubuhi tutapitia Mukuyuni. Hii safari aliianza mwenyewe, aimalize."

*

Asubuhi Wayua aliliona gari likisimama, akaja mpaka langoni akipangusa mikono. Alimwona Mbithe. Alimwona mwanaume mwembamba mwenye miwani akishuka nyuma yake, amekumbatia kitu cheupe kilichofunikwa kitambaa. Alimtazama uso, kisha akakitazama kile kitu, na hakuuliza ni nini. Alifungua lango lote, vile linavyofunguliwa ng'ombe wakirudi.

Ndani, Mulei alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alitoka nje. Walimsikia akipiga nguzo ya boma kwa kiganja, polepole, kama anayejaribu kama imeshika ardhi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na jambo la kwanza alilosema ni kwa Wayua.

"Mama Mbula. Nilikukosea."

"Tutaongea," Wayua alisema. "Enda umwambie mchungaji wazike wawili. Baba na yeye."

Mulei akaenda. Muindi alikuwa bado amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aketi. Alikuwa amepanga maneno tena, ilionekana kwa vile midomo yake ilivyokuwa ikitembea bila sauti, lakini Wayua alimtangulia. Alimnyooshea simu yake mwenyewe.

"Nionyeshe pale yake inaishia."

"Mama..."

"Nionyeshe. Nataka kujua mahali bwanangu aliisha."

Muindi aliichukua. Kidole chake kilipandisha ujumbe juu, juu zaidi, siku zikipita chini yake. Wayua alikuwa amekuja kusimama kando yake ili aone. Walipita ule wa nyongo.

"Huo ni wako?"

"Ni wangu."

Walipita ule wa ndengu. "Na huo."

"Ni wangu."

"Huo niliusoma kanisani," Wayua alisema. "Wengine wakiomba, mimi nausoma."

Kidole kikaendelea mpaka Kiswahili kikaisha. Kikasimama. Palikuwa na swali la Kikamba, maneno mawili tu, herufi moja imekosewa. Nthiwa alitaka kujua kama mvua imefika huko nyumbani. Chini yake, kwa muda mrefu, hapakuwa na kitu. Kisha, peke yake, swali la Wayua: umekula?

Wayua aliitwaa simu akakaa nayo mezani, mbele ya chungu.

"Hakuwa amepiga Jumapili hiyo," alisema, na ilikuwa vigumu kujua anamweleza nani. "Nikakasirika. Nikaona hii, nikasema sijibu, wacha pia yeye angoje. Nilinyamaza nikitaka asikie." Aliligusa lile swali la mvua kwa kidole, likajibonyeza, likaachia. Alimwinulia Muindi macho, na hayakuwa na hasira, na pengine hilo ndilo lililomfanya Muindi ashindwe kuyatazama.

"Zako nilijibu zote," akamwambia. "Hii sikujibu."

Njogu alifungua mlango. Mbithe alimshika mwalimu mkono juu ya kiwiko, wakatoka. Walipokuwa barazani, Mbithe aligeuka kuuvuta mlango, akamwona Wayua amesogeza kiti karibu na meza, magoti yake yakigusa mguu wa meza, amekiegemea kile chungu kama mtu anayemwelekea mzee asiyesikia vizuri.

"Ilinyesha," alikuwa akimwambia, kwa Kikamba. "Ilinyesha wiki nzima. Mahindi ya kule bondeni yalibebwa na maji. Lakini mbaazi zilisimama."

Mbithe akaufunga mlango taratibu.